Punda Asiyezoea Mkono: Jinsi ya Kumpokea Nyumbani na Kundini

Punda wengi wanaofika kwenye minada ya mifugo ya Kajiado, Narok, Monduli au Simanjiro hawaujui mkono wa mtu. Wamekulia katika makundi yanayolala bomani usiku na kutawanyika malishoni mchana, wakiwafuata mama zao hadi mtoni na kurudi. Mtu wamemwona kila siku, ila amewagusa mara chache tu: siku alipokuja na kisu kuwakata sikio ili wajulikane ni wa nani, siku alipowaangusha chini kuwahasi, na siku alipowakamata kwa kamba ili wauzwe. Mnunuzi anayelipa fedha yake na kuondoka na mnyama wa namna hii ajue kwamba, machoni pa punda huyo, yeye naye ni mtu wa aina ile ile.

Kinachofuata nimekishuhudia mno katika kazi ya kutibu mifugo. Punda anafungwa miguu yote minne, anatupwa kwenye pikapu, anasafiri mchana kutwa juani, anashushwa gizani katika ua asioujua na kufungwa mtini kwa kamba fupi. Watoto wa jirani wanajaa kumtazama. Kesho yake, au keshokutwa akibahatika, anaingizwa kwenye mkokoteni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Punda hata hizo mbili hapewi. Akigoma anachapwa, akirusha teke anaambiwa fadhila za punda ni mateke, na mwezi haujaisha mwenye mali anampigia daktari simu kulalamika kwamba ameuziwa mnyama mkaidi.

Ukaidi huo ni hofu. Kwa bahati mbaya, hofu ya punda haifanani na ile ya wanyama wengine tuliowazoea, ndiyo maana inatupita mbele ya macho.

Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti wa vinasaba vya punda 207 wa sasa kutoka pembe nyingi za dunia, pamoja na mabaki ya punda wa kale. Watafiti walihitimisha kwamba punda wote wa kufugwa duniani wametokana na ufugaji ulioanza mara moja tu, yapata miaka 7,000 iliyopita, hapa Afrika, na yaelekea ni upande huu wetu wa Mashariki na Pembe ya Afrika. Punda-mwitu waliowazaa bado wapo, wachache sana, katika majangwa ya Eritrea na Ethiopia. Huko majani ni haba na maji yako mbali, hivyo wanyama hawawezi kuishi kwa makundi makubwa yaliyobanana. Kila mmoja hujitafutia, na kila mmoja hujiamulia. Anayekimbia hovyo kila kichaka kinapotikisika anamaliza nguvu na maji aliyonayo mwilini, tena juu ya mawe yanayoweza kumvunja mguu. Kwa hiyo punda akiona kitu asichokielewa husimama kwanza. Anatega masikio, anatazama, anapima. Akishapima ndipo anapoamua kukimbia, kupigana au kuendelea kula.

Farasi ni mtoto wa nyika zilizo wazi, yeye hukimbia kwanza na kuuliza baadaye. Uingereza wako farasi wadogo wanaoishi nusu porini katika nyika za Dartmoor na msitu wa New Forest. Kila mwaka majira ya vuli wenyewe huwaswaga na kuwakusanya, na baadhi ya watoto wao huuzwa kwa watu wa mbali. Aliyemnunua mtoto wa farasi wa huko hana shaka kwamba mnyama wake anaogopa, kwa sababu atamwona anakimbia kando ya ua akitoka jasho, akilia kuita wenzake. Punda aliye katika hali hiyo hiyo anasimama kimya penye kona. Mwenyewe anampapasa shingo, anaona hajatikisika, anawaambia majirani kwamba mnyama ameshazoea.

Mtazame vizuri zaidi. Taya zimekaza na hazitafuni. Tundu za pua zimebana, zina mikunjo pembeni. Mkia umebanwa kati ya mapaja. Masikio yameganda upande mmoja hata kama kuna sauti upande mwingine, na punda aliyetulia masikio yake hayakai mahali pamoja. Uzito wote ameutupia miguu ya nyuma, tayari kuruka. Mguse begani utahisi nyama imekuwa ngumu kama ubao. Huyo hajazoea hata kidogo. Amekaa kwenye ile hatua ya kupima, na wewe umemnyima nafasi ya kuimaliza.

Si suala la mbegu wala la damu mbaya. Mwanapunda wa mji wa Lamu anazaliwa vichochoroni, kati ya milango ya nyumba na mikono ya watoto, anakua akiona mama yake akibeba mchanga na mawe ya kujengea kila siku. Akifika umri wa kazi, kitu pekee kilicho kigeni kwake ni mzigo wenyewe. Wa nyanda za malisho amekosa shule hiyo yote, na anunuliwapo akiwa na miaka mitatu au minne tunataka aijue kwa siku moja.

Kabla ya kufika kwenye mafunzo, kuna jambo la uhai na kifo ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Punda aliyeingiwa na simanzi au hofu huacha kula, na punda anayeacha kula yuko hatarini kufa hata kama hana ugonjwa mwingine wowote. Mwili ukikosa chakula huanza kuyayusha mafuta uliyoyahifadhi. Kwa punda mmiminiko huo ukishaanza ni vigumu kuuzuia: mafuta yanafurika kwenye damu, yanajaa kwenye ini, figo nazo zinaelemewa. Damu ikitolewa kwenye chupa na kuachwa itulie, sehemu yake ya juu huonekana nyeupe kama maziwa. Wataalamu wanauita ugonjwa huu haipalipemia, na ukishakomaa wengi hawaponi. Walio hatarini zaidi ni wanene, majike wenye mimba, na majike wanaonyonyesha. Kichocheo kinaweza kuwa safari, kubadilishiwa chakula, maumivu, au kutengwa na mwenzake. Punda mgeni hupatwa na haya yote ndani ya siku moja.

Tena punda ni fundi wa kuficha. Anaweza kusimama mbele ya lundo la majani, akainamisha kichwa, akachezesha midomo, na asimeze kitu. Usiridhike kumwona ameinama. Pima majani uliyomwekea jioni na uangalie yaliyobaki asubuhi. Angalia mavi: je, yapo, ni mengi kama ya wenzake, au ni machache, makavu na yenye utando? Hesabu pumzi zake kwa mbali kwa kutazama ubavu unavyopanda na kushuka. Akiwa ametulia kivulini, punda mzima hupumua kati ya mara 12 na 28 kwa dakika. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 36.2 na 37.8, ingawa hilo utalipima baadaye, akishakubali kuguswa. Asipokula kwa siku nzima, usingoje apige kelele wala alale chini. Mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Kinga kubwa ya balaa hili ni mwenzake. Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza waliochunguza makundi ya punda wa kufugwa waligundua kwamba wengi wao walikuwa na mwenzi mmoja mahususi, waliyekuwa karibu naye kuliko wengine wote kundini. Si lazima awe ndugu, na si lazima wawe dume na jike. Wachungaji wetu wanalijua hili bila utafiti. Waulize akina mama wa Kimasai wanaochota maji kwa punda watakutajia nani anatembea na nani. Kwa hiyo ukienda mnadani simama pembeni kwanza, utazame nani anamfuata nani, nani anamkuna nani shingoni. Kama uwezo unaruhusu, nunua hao wawili pamoja.

Najua gharama. Sensa ya Kenya ya 2009 ilihesabu punda takriban milioni 1.8, ile ya 2019 ikahesabu kama milioni 1.2. Kati ya sensa hizo mbili nchi ilifungua machinjio ya punda, ngozi zikisafirishwa kwenda China kutengenezewa dawa ya asili iitwayo ejiao, na wizi wa punda ukawatia umaskini watu waliokuwa wakiishi kwa mkokoteni mmoja. Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika waliafikiana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Bei haijawa rahisi kwa mtu wa kawaida. Ikiwa wawili hawawezekani na nyumbani unao punda wengine, chagua mmoja wao aliye mpole na mkomavu, awe mwenyeji wa mgeni. Na kama huna punda mwingine kabisa, azima kwa jirani kwa wiki hizo za mwanzo. Mbuzi na ng'ombe wanasaidia kidogo, ila hawachukui nafasi ya punda mwenzake, na mgeni mwenye hofu anaweza kumng'ata au kumkanyaga mwanambuzi.

Hapo tunagongana na kanuni ya afya. Mgeni hachanganywi na kundi mara moja. Anaweza kuwa ameleta minyoo, kupe, mafua makali au ule ugonjwa wa majipu ya koo unaovimbisha tezi chini ya taya mpaka zipasuke usaha, na ambao dalili zake huchukua siku kadhaa, pengine wiki mbili, kujitokeza. Karantini ya wiki tatu si anasa. Suluhisho ni kuwaweka karantini wawili: mgeni na mwenyeji wake katika boma moja, wakiwaona na kuwasikia wengine, lakini kukiwa na nafasi ya mita kadhaa katikati ili pua zisigusane, na ndoo ya maji isiwe moja. Mwenyeji huyo anabeba hatari kidogo, ndiyo. Basi asiwe mzee dhaifu wala jike mwenye mimba. Katika wiki hizo daktari atatoa dawa ya minyoo na chanjo, hasa ya pepopunda, na ya kichaa cha mbwa kwa maeneo yenye ugonjwa huo.

Boma lenyewe lisiwe kubwa mno. Ukimwachia ekari nzima hutamkaribia hadi Krismasi. Ukimbana kwenye kibanda cha hatua tatu atakuona wewe kama fisi aliyeingia na kuziba mlango. Eneo ambalo anaweza kukaa mbali nawe kwa hatua kumi au kumi na tano linatosha. Ua uwe wa mbao, fito au miiba iliyosukwa vizuri na inayoonekana. Seng'enge usitumie kwa mnyama anayeweza kuparamia ua usiku. Nimeshona vifua na mapaja ya kutosha kwa ajili ya waya huo. Kivuli kiwepo, na paa la kumkinga mvua, maana manyoya ya punda hayachuruzishi maji vizuri kama ya farasi na akilowa anashikwa na baridi. Usiku boma lifungwe barabara penye fisi.

Kama unaweza kupanga safari, panga afike asubuhi, ili apate mchana kutwa wa kulichunguza boma kabla ya giza. Waombe wauzaji gunia la majani aliyokuwa akila na umpe hayo kwanza, ukichanganya yako kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili. Tumbo la punda limeumbwa kwa chakula kikavu chenye nyuzinyuzi nyingi: nyasi kavu, majani ya ngano, mabua ya mahindi yaliyokauka vizuri bila ukungu. Maji aweza kuyakataa mwanzoni, kwa sababu punda ana pua ya kuchagua na maji yenye harufu ngeni au ndoo yenye mafuta hayagusi. Osha ndoo kila siku. Punda mkomavu hunywa kati ya lita 10 na 25 kwa siku kulingana na jua na kazi.

Hapa nataka msomaji asimame kidogo, kwa sababu kuna mambo yanayoua punda wageni kwa nia njema. La kwanza ni chakula cha kuku au cha ng'ombe chenye monensini. Dawa hii huchanganywa viwandani kwenye vyakula vya mifugo mingine bila tatizo, lakini kwa punda na farasi huharibu moyo, hata kwa kiasi kidogo. La pili ni josho. Dawa ya kupe yenye amitrazi, inayotumika sana kuogeshea ng'ombe, husimamisha utumbo wa punda na chakula kikaganda tumboni. Usimpeleke josho pamoja na ng'ombe. Muulize daktari dawa inayomfaa. La tatu ni mahindi yenye ukungu, ambayo sumu yake inashambulia ubongo wa punda na farasi kwa namna isiyowapata ng'ombe. Na mifuko ya plastiki, ingawa Kenya iliipiga marufuku 2017 na Tanzania 2019, bado imezikwa katika majalala mengi, na punda wa mjini anayezurura jioni huila.

Sasa tuje kwenye mkono.

Siku za mwanzo usimguse kabisa. Ingia bomani, weka majani, kaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa au jiwe, ukimpa ubavu badala ya uso. Ongea sauti ya kawaida, au soma gazeti lako. Kukaa hivyo dakika kumi asubuhi na dakika kumi jioni kunafaa kuliko saa nzima ya kumfukuzia kona. Mwenyeji atakuja kwako kwa sababu anakujua, utamkuna, na mgeni atakuwa anatazama yote hayo.

Kila mnyama wa kundi ana duara lake la usalama. Ukiwa nje ya duara hilo anakutazama. Ukikanyaga ndani anaondoka. Kazi yako ni kuujua mpaka wake na kusimama pale pale ukingoni. Mwendee kwa mshazari, ukielekea begani, kamwe usimwendee usoni wala nyuma ya mapaja ambako hakuoni. Sikio likikugeukia, hatua moja nyuma. Akishusha kichwa, akalamba midomo, akashusha pumzi, geuka uende zako. Watu wengi hawaelewi kwa nini niwaambie waondoke wakati ndiyo kwanza mnyama anawaruhusu. Sababu yake ni kwamba punda anajifunza kutokana na kile kinachotokea baada ya tendo lake. Akitulia na wewe ukaondoka, amejifunza kwamba utulivu unaondoa tishio. Akikimbia na wewe ukaondoka, amejifunza mbio. Kwa hiyo ondoka yeye akiwa ametulia, kabla hajalazimika kuondoka yeye.

Baada ya siku kadhaa za hivyo, duara linapungua lenyewe. Itafika asubuhi atakaponyoosha shingo, pua ikitetemeka, kunusa goti au kofia yako. Usiinue mkono. Mwache anuse, apumue, arudi nyuma, arudie tena. Akishafanya hivyo mara nyingi bila kushtuka, inua mkono polepole, chini ya usawa wa macho yake, na umguse pale shingo inapokutana na mgongo, mbele kidogo ya bega. Hapo ndipo punda na farasi wanapokunana wao kwa wao kwa meno. Mwaka 1993 Claudia Feh na mwenzake walipima farasi wa Camargue, kusini mwa Ufaransa, wakaona kwamba kukunwa mahali hapo hushusha mapigo ya moyo, na kukunwa kwingineko hakushushi. Kuna kwa kucha, si kwa kupapasa kwa ncha za vidole, maana mguso mwepesi unamkumbusha nzi. Ukipapatia, mdomo wa juu utaanza kurefuka na kuchezacheza, shingo itaegemea mkono wako. Kuna mara tatu nne, kisha toa mkono. Akikufuata kuutaka tena, umepiga hatua kubwa kuliko utakazopiga mwezi mzima kwa kamba.

Kutoka hapo songa kidogo kidogo: bega, mgongo, ubavu, kifua, mguu wa mbele hadi gotini. Akikaza nyama, rudi pale alipokuwa ameridhia, usilazimishe. Fanya upande wa kushoto, kisha uanze upya upande wa kulia, kwa sababu alichokizoea upande mmoja ni kigeni kwake upande wa pili. Uso uje mwishoni, na masikio mwisho kabisa. Masikio ndiyo yaliyokatwa, na ndiyo yanayosokotwa na watu wakitaka kumdhibiti. Anayemsokota punda sikio ili amvalishe kamba anapata dakika moja ya utii na anapoteza kichwa cha mnyama huyo kwa miaka.

Kamba nayo anaizoea kabla ya kuivaa. Iwe ya katani laini au pamba, pana, si ya nailoni inayokata. Iweke kwenye lundo la majani ale chakula karibu nayo. Ishike mkononi unapomkuna. Itandaze juu ya bega, iondoe. Ipitishe shingoni na uiache ining'inie bila fundo, uishike mwenyewe, uiondoe. Hatamu ya kichwani ije baada ya hapo, akiwa ameshakubali kushikwa mashavu. Siku ya kwanza aivae kwa dakika chache tu mbele yako, uivue. Usimwache nayo peke yake usiku, maana ikinasa kwenye fito atajinyonga au kuvunja shingo.

Kumwongoza kwa kamba ndiko kunakozua ugomvi mwingi, na dawa yake ni ndogo mno. Vuta taratibu, mvuto usiozidi na usiopungua, ungoje. Sekunde ile ile anayoegemeza uzito mbele, hata kama hajainua kwato, legeza kamba yote. Usingoje hatua. Kulegea huko ndiko kunakomwambia amefanya sawa, na kukichelewa hata kidogo hakuungani tena na tendo lake. Anayevuta bila kulegeza anamfundisha punda kwamba kutii na kukataa vina malipo sawa, na katika mashindano ya kuvutana mtu hamshindi punda. Siku za mwanzo mtangulize mwenyeji mbele na mgeni afuate. Atavuka mtaro au kivuli cha mti bila kujua kwamba alikuwa anaongozwa.

Wapo watakaosema njia hii ni ndefu, na kwamba wazee walimfunga punda kwenye nguzo, wakamwacha apambane mpaka achoke, naye akawa mpole. Nimewaona punda hao. Wanasimama ukiwawekea mzigo, wanasimama ukiwapiga, wanasimama kidonda cha mgongo kikioza. Mnyama aliyejifunza kwamba hakuna anachoweza kufanya kikabadilisha hali yake huacha kufanya chochote, na huacha pia kuonyesha kwamba anaumwa. Ukimfuga huyo utagundua kilema chake akiwa ameshachelewa kutibika. Tena siku hofu yake ikizidi ule ukuta aliojijengea, huruka na mkokoteni barabarani, na hapo wanaoumia ni wengi.

Karantini ikiisha salama, mgeni anaingia kundini. Usimfungulie lango na kumwachia wote kwa mpigo. Wasogeze kwanza wakutane kwenye ua, pua kwa pua, kwa siku kadhaa. Watavuta harufu, watalia, huenda mmoja akageuza makalio na kurusha teke hewani. Hiyo ni mila yao ya kujuana. Halafu toa mmoja baada ya mwingine kundini aje akae na mgeni na mwenyeji wake, ukianza na wapole, ukimalizia na yule anayejiona mkubwa. Siku ya kuwaunganisha wote ifanyike asubuhi, katika uwanja mpana kuliko wote ulionao, usio na kona ya kumnasia mnyonge, na wakiwa wameshiba. Weka marundo ya majani mengi kuliko idadi ya punda, yakiwa yameachana, ili anayefukuzwa penye moja apate jingine.

Kufukuzana na kung'atana kidogo kutakuwepo. Ingilia tu kama mmoja amebanwa asiweze kuondoka, kama damu inatoka, au kama mgeni hapati nafasi ya kunywa maji. Dume asiyehasiwa asiingizwe katika mpango huu. Anaweza kumwua mwanapunda au kumjeruhi vibaya dume mwenzake, na jike mgeni hatapata amani ya kula. Utajua mgeni amekubaliwa utakapomkuta amelala chini ubavu mchana, mwenzake amesimama karibu akilinda.

Sheria nayo iko upande wake. Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kumchapa punda mpaka atoke damu au kumtwisha akiwa na kidonda ni kosa mahakamani. Lakini afisa hawezi kusimama katika kila boma, hivyo anayeamua ni wewe uliyeishika kamba.

Kuhusu kazi, angalia meno kabla ya kumlipa muuzaji, na kama hujui kuyasoma nenda na anayejua. Punda wa chini ya miaka mitatu asibebe wala kuvuta kitu, na mifupa yake huendelea kukomaa hata baada ya hapo, hivyo mwaka wa nne uwe wa mizigo myepesi na safari fupi. Aliyezoea mkono, kamba na kundi utamwanzishia mkokoteni mtupu akiwa kando ya mwenyeji wake, na kazi hiyo haitakuchukua muda. Muuzaji akikuhakikishia kwamba punda wake aliyekamatwa jana malishoni anaweza kuanza kuteka maji kesho, mwachie na umtafute muuzaji mwingine.